Daftari Jeupe la Mzee Kiboko

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, ziwa likiwa kuliani kwako na mlima kushotoni, utafika Gitaza, mahali ambapo mlima umelisogelea ziwa hata barabara imebaki kupita kwa ubavu, na mvua kubwa zikinyesha udongo na mawe huporomoka na kuziba njia. Wasimulizi husema kwamba zamani, wanyama walipokuwa bado na serikali yao, makatibu wao na mihuri yao, palikuwa hapo na Nyumba ya Uganga iliyosifika pwani nzima. Wagonjwa waliletwa kwa mitumbwi kutoka Magara na Minago, wengine walibebwa kwa machela kutoka michikichini Rumonge, na wapo waliotoka mbali zaidi, kwenye msitu wa Kigwena, wakiwapita waganga wa kwao mlangoni, kwa sababu moja tu: Nyumba ya Gitaza, ilisemekana, haijawahi kukosea.

Mkuu wa nyumba hiyo alikuwa Mzee Kiboko, bwana wa mwili mkubwa na sauti ya kutetemesha mwamba, ambaye neema iliposhuka alionekana nchi kavu, kifua mbele, akipokea wageni, na jambo zito lilipotokea alizama majini, akabakiza juu tundu za pua na masikio mawili, asikie kila kitu asiulizwe chochote. Katibu wake alikuwa Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja ili, kwa maelezo yake mwenyewe, mguu wa pili ubaki safi kwa ajili ya kwenda mbele ya wakubwa. Huyo ndiye aliyetunza Daftari la Makosa, kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi, kilichowekwa juu ya meza yake, chini ya macho yake, ili kila mtumishi apate kuandika kwa uhuru.

Sheria ya daftari ilikuwa fupi, nayo ilichongwa juu ya mlango: Aonaye kosa aliandike, aandikaye ajieleze, ajielezaye awajibike. Hata vifaranga waliokuwa hawajajua kusoma waliielewa. Na mara mbili kwa mwaka, mvua zinapoanza na zinapokwisha, alishuka Tai kutoka ng'ambo ya milima, mkaguzi mwenye miwani na vikapu vya ndagala wakavu, akafungua daftari za nyumba zote za uganga kuanzia Gitaza hadi Kigwena, akahesabu mistari kwa ukucha. Nyumba yenye mistari michache ilipewa vikapu vingi. Nyumba ya Kigwena, ambayo ilikuwa na desturi ya kuandika kila lililotokea, ilipata msimu mmoja barua ya onyo na kikapu kitupu, ikaambiwa ijifunze kwa majirani zake wa Gitaza.

Sasa, katika watumishi wa Gitaza alikuwepo muuguzi aitwaye Chiriku, mdogo wa umbo, mwepesi wa mkono, na mwenye tabia moja iliyomchosha kila mtu: alisema alichokiona. Usiku mmoja, akiwa peke yake zamu na wagonjwa wa vitanda vyote, aliitwa kwa kifaranga cha bata kilichokuwa kikitapika tangu jioni. Taa ya mawese ilikuwa imebakiza utambi mwembamba. Kwenye rafu ya dawa vilikuwepo vibuyu viwili vilivyochumwa kwenye mmung'unye mmoja, shingo zao sawa, matumbo yao sawa, vizibo vyao vya gunzi sawa. Kimoja kilikuwa na maji yaliyochemshwa, ya kukorogea dawa. Cha pili kilikuwa na maji ya utupa, majani yale ambayo wavuvi huyatwanga na kuyamwaga kwenye kidimbwi ili samaki walewe waokotwe kwa mkono, na ambayo Nyumba ya Uganga iliyatumia kuoshea kupe. Chiriku akavuta kibuyu, akang'oa kizibo, akaanza kukoroga. Tone moja likamdondokea mguuni, naye alipoinama kulifuta akasikia harufu ya majani mabichi. Akasimama. Akanusa tena. Akamwaga chote nje ya dirisha, akachukua kibuyu cha pili, kifaranga kikanywa kikalala, na asubuhi mama bata akamchukua mwanawe bila kujua kwamba usiku ule aliponea tundu la sindano.

Mwingine angeshukuru Mungu akaenda kulala. Chiriku alikwenda kwenye daftari, akaandika kwa herufi za kusomeka: Vibuyu vya maji na utupa vinafanana na vinakaa rafu moja. Nilikaribia kumpa mtoto utupa. Naomba kimoja kihamishwe.

Kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha kukabidhiwa barua ya kujieleza, na kabla halijashuka alikuwa mbele ya Kamati ya Nidhamu. Mamba aliuliza ni nani aliyemruhusu kukoroga dawa gizani. Nguruwe-pori aliuliza ni kwa nini alinusa mara mbili, ilhali mtumishi mwenye uhakika na kazi yake hunusa mara moja. Korongo, kwa sauti ya masikitiko makubwa, alimwuliza kama alijua kwamba mstari ule mmoja ungeigharimu nyumba vikapu vitatu vya ndagala. Mzee Kiboko alikuwa amezama, lakini viputo vilionekana vikipanda, na Korongo, aliyekuwa bingwa wa kufasiri viputo, akasoma hukumu: Chiriku ahamishiwe barabarani, pale mlima unapoporomoka, akahesabu mawe yanayoanguka. Ukurasa ukachanwa. Vibuyu vikarudishwa rafuni, bega kwa bega, kwa kuwa kibuyu hakina jina la kuitwa kikaoni wala mshahara wa kukatwa.

Watumishi waliobaki hawakuhitaji semina. Mdomo uliponza kichwa, wakanong'onezana, na tangu siku ile ikazaliwa katika nyumba ile lugha mpya, laini kama mawese, ambayo mgeni angeweza kuishi nayo mwaka mzima asijue inaficha nini. Mgonjwa aliyepewa dawa ya jirani yake alisemwa kuwa "amebadilika hali". Aliyeanguka kitandani usiku, kwa sababu kitanda hakikuwa na kingo, alisemwa kuwa "aliteremka mwenyewe". Aliyesahauliwa barazani mpaka akakata roho alisemwa kuwa "alikuja amechelewa". Na sungura mzee wa Minago, aliyekunywa kutoka kibuyu kile cha utupa akafa kabla ya jogoo la kwanza, aliandikiwa na Korongo maneno ambayo hakuna mfiwa anayeweza kuyapinga: Kazi ya Mungu haina makosa. Ndugu zake wakainamisha vichwa, wakaitikia, wakabeba maiti yao. Na kazi ya nyumba ikapita salama, imejifunika kazi ya Mungu kama mwizi aliyejifunika kanzu ya imamu.

Daftari likabaki jeupe. Tai alipokuja alilifungua, akaona kurasa safi kama maziwa ya asubuhi, akafuta miwani, akaamuru vikapu kumi na viwili.

Msimu uliofuata wakalazwa pamoja mbawala wawili. Pande zile, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru na anayemfuata huitwa Butoyi, hata si ajabu wodi moja kuwa na Bukuru watatu. Hawa walikuwa wawili: Bukuru wa Magara, aliyeumia goti kwa kuruka mtaro, na Bukuru wa Kigwena, aliyekuwa na uvimbe kichwani. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, sauti ikaita "Bukuru!", na aliyekuwa karibu akaitika, maana hilo ndilo jina alilopewa na mama yake. Kukicha, mwenye goti bovu alikuwa na jeraha kichwani, na mwenye uvimbe kichwani alikuwa na goti lililofungwa vizuri sana. Pundamilia mfagizi alikuwa ameyaona majina yale mawili kwenye vibao vya vitanda tangu juzi, akawaza kusema, akaukumbuka mguu wa Chiriku barabarani, akaendelea kufagia.

Msomaji asije akanidakia hapa, akasema kwamba mwezi Novemba 2007 huko Dar es Salaam mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu, majina yao ya kwanza yakiwa yamefanana. Wala asinikumbushe kwamba mapema mwaka 2018, jijini Nairobi, mtu asiyehitaji kupasuliwa alifunguliwa fuvu kwa kuchukuliwa kuwa mwingine, wahudumu wakasimamishwa kazi na mkuu wao akapewa likizo ya lazima. Hayo ni ya watu, na watu wana wasimulizi wao. Mimi nasimulia habari za mbawala.

Kwa mbawala, basi, ilifanyika kama ilivyo ada. Aliyeita jina alifukuzwa. Aliyeitika akaonywa kwa kuitika. Hakuna aliyeuliza kwa nini nyumba kubwa kama ile ilimtambua mgonjwa kwa jina moja tu, bila jina la baba, bila kijiji, bila hata kipande cha kamba mguuni. Lakini minong'ono ilikuwa imekwisha kuvuka maji, wavuvi waliisikia, na Mzee Kiboko akalazimika kupanda nchi kavu atoe tamko. Akatangaza kwamba Nyumba ya Uganga inapenda ukweli kuliko jambo lolote, na kwamba kuanzia siku ile litatundikwa ukutani sanduku, ili yeyote mwenye neno alitumbukize kwa siri. Likatundikwa kweli, la mninga, lenye kufuli la shaba. Likatundikwa mlangoni kwa Korongo, kwenye urefu ambao mwenye miguu ya korongo peke yake angeweza kulifikia, na ufunguo wake akautunza Mzee Kiboko, ambaye aliuweka mdomoni kwa usalama na siku ya karamu akaumeza. Miaka ilipopita mchwa wakalifungua wenyewe, zikamwagika kadi tatu za mchango wa harusi, maganda ya karanga, na kijikaratasi kisemacho chai ya asubuhi haina sukari. Korongo akaandika katika ripoti ya mwaka: maoni yamepokelewa, na yote yanahusu chai.

Siku moja Tai akarejea akiwa amebadilika. Alikuwa amehudhuria mafunzo mbali, akarudi na mkoba mpya na maneno mapya. Akaeleza kwamba kuna mji uitwao Geneva, ambako mwaka 2019 wakuu wa afya wa dunia waliitenga tarehe 17 Septemba kuwa siku ya usalama wa mgonjwa, na kwamba kwa hesabu za huko mgonjwa 1 katika kila 10 hudhurika akiwa mikononi mwa watibabu. Mzee Kiboko akafikiri kwa kitambo, kisha akasema, "Basi, Mheshimiwa, sisi tunawatibu wale tisa." Tai hakucheka. Akasema kwamba tangu sasa nyumba isiyoandika makosa itahesabiwa kuwa inayaficha, na vikapu vitatolewa kwa idadi ya mistari.

Jioni ile ile ikatoka amri: kila mtumishi alete makosa kumi kwa mwezi, asiyetimiza akatwe posho. Fulana zikashonwa kwa ajili ya tarehe 17 Septemba, maandamano yakapita barabarani hadi pale pa maporomoko, Chiriku akasimama kando na mawe yake kuwapisha. Na makosa yakaletwa! Mbu ameingia wodini. Kigoda cha tatu kimelegea. Kuku wa jikoni amepiga chafya mara mbili. Waliokosa makosa waliyanunua kwa wenzao, waliozidisha waliyakopesha, na kufika mwisho wa mwezi kosa zuri lenye mwandiko mzuri liliuzwa kwa samaki mmoja mbichi wa mkeke. Katika mafuriko hayo, yule pundamilia, kwa kuwa sasa kuandika kumehalalishwa, aliandika neno la kweli: Vibuyu viwili bado vinafanana. Halikusomwa. Korongo alihesabu karatasi kwa kuzipima uzito, akazifunga matita kwa kamba za migomba, akamwonyesha Tai urefu wa lundo, kisha usiku akazipeleka kwa mtumbwi kilindini akazitosa.

Mwenye kulijua ziwa lile atakiri kwamba Korongo alichagua pa kutosa. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na penye kina kirefu kabisa hufika mita 1,470. Maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, hayana hewa, samaki hawaishi humo, na kinachofika huko hukaa huko. Ziwa la namna hiyo ni kabati la ofisi ambalo katibu mvivu huliota usingizini.

Lililoyafikisha mambo mwisho lilikuwa ugonjwa wa mjukuu wa Bibi Kobe. Bibi huyu alikuwa mkunga wa zamani, mzee kiasi kwamba alikumbuka mambo ya mwaka 1871. Alimleta mjukuu wake, akaketi kando ya kitanda usiku kucha kama bibi yeyote, na usiku huo akaona muuguzi kijana akinyoosha mkono rafuni, akagusa kibuyu cha kushoto, akakiacha, akagusa cha kulia, akanusa, akarudi kushoto, akanusa, akatikisa kichwa, ndipo akamimina. Asubuhi akamwita.

"Mwanangu, ulikuwa unanusa nini?"

"Hakuna kitu, Bibi."

"Mimi nimezalisha mama yako na mama wa mama yako. Ulikuwa unanusa nini?"

Muuguzi akatazama mlangoni kwa Korongo, akanong'ona, "Bibi, sisi sote tunanusa. Ndivyo tunavyofundishana zamuni. Aliyekuwa hajafundishwa ni yule wa usiku wa sungura."

Bibi Kobe akaomba baraza. Tai alikuwepo kwa ukaguzi, hivyo Mzee Kiboko hakuweza kuzama. Bibi akasema, "Mwishoni mwa Novemba 1871 nilikuwa mdogo, nikawaona Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, waliolala Mugere hapo kaskazini yetu. Kwa miaka mingi wasomi walikuwa wakibishana kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Kila mmoja alikuwa na sababu zake na wafuasi wake. Wale wawili walipanda mtumbwi wakaenda mpaka mdomoni mwa mto, wakatazama maji, wakaona yanaingia. Ubishi ukaisha. Nanyi nawaomba jambo hilo hilo. Mna daftari, mna sanduku, mna fulana. Twendeni tukaitazame rafu."

Wakaenda, Tai mbele, Mzee Kiboko nyuma akihema, Korongo akieleza njiani kwamba rafu haimo katika ratiba ya ukaguzi. Vibuyu vilikuwa pale pale, bega kwa bega, shingo sawa, matumbo sawa. Bibi Kobe akamwambia Tai achague cha maji. Tai, mwenye macho yanayoona panya kutoka mawinguni, akachagua, akang'oa kizibo, akanusa, akakiweka chini polepole. Hakusema kitu. Bibi akakichukua kibuyu cha utupa, akakifunga kitambaa chekundu shingoni, akampa pundamilia akakitundike zizini, mahali pa kupe. Kisha akaagiza kila mgonjwa afungwe mguuni kamba yenye jina lake, la baba yake na la kijiji chake, na asiingizwe chumba cha upasuaji mpaka ayataje mwenyewe au ndugu yake ayataje. Kazi yote ilichukua muda wa chungu cha maharage kuanza kuchemka.

Mzee Kiboko alitazama haya yote kwa mshangao, kisha akauliza swali pekee alilolijua: "Na sasa tumwadhibu nani?"

"Kuteleza si kuanguka, Mzee," akajibu Bibi. "Nyani anayekuja zamu akiwa amelewa pombe ya ndizi, mwadhibu, naye anajua kwa nini. Yule anayechukua kibuyu kimoja kati ya viwili vilivyo sawa, gizani, peke yake, na wagonjwa wote juu yake, huyo ungemfukuza leo na wewe ukashika zamu yake kesho, ungekosea vile vile. Acha aandike bila jina, kama anaogopa. Mtu mmoja asome kila asubuhi. Na kabla wiki haijapita, aliyeandika aone kitu kimehama mahali pake, au aambiwe kwa nini hakikuhama. Lakini mkisoma mkanyamaza, watanyamaza nao."

Tai aliyaandika maneno hayo kwenye mkoba wake mpya, akiyapanga kwa nambari, na inasemekana anayafundisha sasa katika nyumba zote kama yake. Korongo amepewa cheo cha Mratibu wa Uwazi. Nyumba ya Kigwena, iliyokuwa ikiandika tangu mwanzo, haijarudishiwa vikapu vyake vya msimu ule. Chiriku bado yuko barabarani akihesabu mawe, kwa kuwa barua ya kumrudisha inahitaji muhuri, na muhuri uko kwa Mzee Kiboko, na Mzee Kiboko amezama.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Na nyumba ya uganga inayoficha makosa yake huumbuliwa kwa vifo vya wengine. Kwa hiyo, ewe mwenye mgonjwa, ukifika mahali ukaonyeshwa daftari jeupe na kuambiwa hapa hatujawahi kukosea, salimu kwa adabu, kisha uliza ni mtumishi yupi alisema neno mara ya mwisho, na yuko wapi leo.